Kuisoma Buganda ya kale: acha orodha ya wafalme, anza na taya

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu Kampala kutoka Bukoba, niliharibu. Nilianzia Namugongo, walipouawa mashahidi wa Uganda. Tukarudi nyumbani watoto wanajua jambo moja tu: Mwanga alichoma watu. Kwa nini mfalme mwenye majeshi awaogope vijana wa kwake wanaosoma vitabu, hakuna aliyeweza kunijibu, na mwalimu wao sikuwa nimewapa cha kujibia. Sasa safari naipanga kinyume, na kama wewe ni mwalimu, au mgeni tu mwenye hamu, nakushauri ufanye hivyohivyo.

Usianze kwa kukariri majina. Kuanzia Kintu hadi Ronald Mutebi II wa leo wanahesabiwa Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, 36, na ukiwakariri wote bado hujajua kitu. Beba swali moja kwa kila mfalme: mama yake alikuwa wa ukoo gani? Muganda wa kawaida hufuata ukoo wa baba. Wapo wa Ngeye, yaani mbega. Wa Mmamba, huyu kamongo wetu wa ziwani. Wa Lugave, kakakuona. Mnyama wa ukoo wako humli. Wahaya wangu hucheka sana wakisikia kuna ukoo wa Nsenene, watu wasioruhusiwa kuonja senene! Waache wacheke, halafu waambie kwamba mtoto wa Kabaka yeye hufuata ukoo wa mama. Hapo ndipo siasa yote ilipolala. Hakuna ukoo mmoja uliohodhi kiti. Kila ukoo ulipeleka binti ikulu ukitumaini mjukuu wake "atakula Buganda", maana ndivyo Waganda wanavyosema mtu akitawazwa. Mama wa mfalme, Namasole, alikuwa na ikulu yake na Katikkiro (waziri mkuu) wake, na hakukaa kilima kimoja na mwanawe. Sharti mto upite katikati.

Mkiwa bado barabarani, baada ya kupiga picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe, waeleze habari za Kibuuka. Hekalu lake lilikuwa Mbaale, Mawokota, upande huohuo wa Mpigi mnaoupita. Alikuwa shujaa kutoka visiwa vya Ssese, nduguye Mukasa mwenye ziwa, aliyepigania Buganda dhidi ya Wanyoro akiwa angani, ndani ya wingu. Mateka wa kike akaijua siri hiyo, akatoroka na kuwaambia kwao walenge mawinguni. Alipokufa akawa lubaale, yaani mungu mdogo, wa vita. Waganda walimjua Katonda muumba, lakini shughuli za kila siku, mvua, samaki, maradhi, vita, zilipelekwa kwa malubaale hawa, nao walisema kupitia vinywa vya mandwa wao. Kabaka hakuwa kuhani wao mkuu. Aliwapelekea zawadi, aliwauliza kabla ya vita, na pengine aligombana nao. Watoto wengi hudhani mfalme wa Kiafrika alikuwa pia mganga mkuu, hapa sivyo.

Mkifika mjini, nenda kwanza Wamala, barabara ya Hoima, kwenye kaburi la Suna II, baba yake Muteesa I. Watu huliruka. Mimi naona ndipo ufunguo ulipo, kwa sababu ndipo pa kuelezea taya. Zamani Kabaka akifa, taya lake la chini lilitolewa, likapambwa na kujengewa nyumba yake pamoja na "pacha" wake, yaani kitovu chake kilichohifadhiwa tangu kuzaliwa. Huyo pacha, enzi za uhai wa mfalme, alikuwa na mtunzaji mwenye cheo kikubwa, Kimbugwe, karibu sawa na Katikkiro. Mfalme aliyekufa aliendelea kuwa na nyumba, watumishi na mandwa wa kumsemea. Kwa hiyo Kabaka aliye hai alitawala huku wazee wake wote wakiwa bado na la kusema.

Baada ya hapo teremkeni Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme. Wasichana wavae sketi ndefu, viatu vibaki nje, na uliza kabla hujatoa simu upige picha. Usiseme Kabaka "alikufa". Mimi nilisema, na mama mmoja mlinzi akanisahihisha kwa upole: Kabaka huachia mkono. Nyumba kubwa ni Muzibu Azaala Mpanga, ikulu aliyoijenga Muteesa I mwaka 1882. Hesabuni duara za paa kwa ndani: 52, idadi ya koo. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Iliungua Machi 2010 ikajengwa upya.

Sasa uliza: taya la Muteesa liko wapi? Lipo hapohapo kaburini. Alizikwa mzima mwaka 1884. Swali hilo linakupeleka moja kwa moja kwenye dini mpya, na kwa watu wa kwetu, kwa sababu mfanyabiashara wa pwani, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Suna mwaka 1844 na kumwambia uso kwa uso kwamba uhai wa watu ni wa Mungu. Muteesa akajifunza Kiswahili na Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka kama kumi tangu 1867, lakini akakataa kutahiriwa, kwani damu ya Kabaka haimwagwi. Vijana wake wa ikulu wakaanza kukataa nyama iliyochinjwa na mfalme asiyetahiriwa. Akawaua wengi. Waanglikana wakaja 1877, Wakatoliki 1879, na Mwanga, mwana wa Muteesa, akarithi ikulu iliyojaa wasomaji wenye bwana mwingine.

Namugongo iwe ya mwisho. Anza na hao vijana Waislamu wa Muteesa, maana nao waliuawa hapo, ndipo ufike kwa Wakristo wa 3 Juni 1886. Ila siku yenyewe ya 3 Juni usiende na watoto arobaini. Mahujaji hujaa hadi barabarani, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi. Nenda wiki mbili baadaye, asubuhi, na uwaulize upya swali la mwanzo, kwa nini Mwanga aliwaogopa vijana wake.