Samaki wa moshi kwa majani ya uani: mchaichai, rehani na mndimu

Majani huingia mwisho. Mara ya kwanza nilipobanika kwa majani nilitandaza fungu zima la rehani chini ya debe kabla hata sijapanga samaki. Saa moja baadaye rehani imekuwa majivu, tafi wangu weusi, na kila tonge lilikuwa chungu kama lina mwarobaini. Harufu ya jani imo katika mafuta yake, na mafuta hayo hupaa upesi yakipata joto. Yakishapaa, jani linaungua tu, na moshi wa jani linaloungua ni mchungu.

Samaki. Anayeanza achukue tafi au changu wa kujaa sahani. Nguru, jodari na vibua pia wanafaa sana, lakini hao watie barafu pale pale unaponunua. Wakikaa na joto hujenga sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa moto wala kwa moshi. Anayewala, uso humwiva ukawa mwekundu, mwili humwasha na kichwa humgonga.

Mpasue samaki mgongoni, mfunue, toa matumbo na matamvua, kwangua damu yote iliyoganda kwenye uti. Changanya gramu 80 za chumvi kwa lita 1 ya maji, mloweke nusu saa. Vipande vinene vya nguru vipe saa nzima. Msuuze mara moja, umfute.

Kumkausha. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka. Mtundike kivulini penye upepo, umfunike chandarua nzi wasitue, mpaka ukigusa ngozi kidole kinanata kidogo lakini hakilowi. Upepo wa kaskazi humaliza kazi hii kwa saa moja hivi. Wakati wa masika, hewa ya Mombasa ikiwa nzito, mwashie feni. Samaki akiingia na maji, moshi humganda kama masizi.

Moto. Tumia debe la chuma ambalo halikuwahi kutiwa rangi wala dawa, wavu juu, makaa machache chini. Makaa yakishashika, weka makumbi ya nazi yenye unyevu kidogo. Vifuu viache, vina moto mkali mno. Tandika mabua ya mchaichai juu ya wavu, umlaze samaki hapo, ngozi chini. Hanati, na mabua hayo yako mbali na makaa, kwa hiyo hayaungui. Funika, uweke moto wa taratibu. Mwenye kipimajoto asubiri nyama ya ndani ifike nyuzi 63 za Selsiasi na ikae hapo nusu saa. Asiye nacho achome kisu penye unene: nyama iwe nyeupe mpaka katikati na iachane na mfupa.

Majani. Sasa ndiyo zamu yake. Ponda mabua mengine ya mchaichai kwa mchi, vunja majani ya mndimu kwa mkono, rehani iache na vijiti vyake. Nyunyizia maji, tandaza juu ya makumbi, funika hapo hapo. Ngoja dakika 10, zisizidi 15. Utaona moshi unaotoka ukingoni mwa kifuniko unakuwa mweupe na mzito, umebeba mvuke, na uani kote kunanukia ndimu. Harufu hiyo ikianza kukata na koo kukereketa, ipua bila kungoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Likoni, nina kivumbasi tele. Kinafaa?*
Kinafaa, dada, lakini vijiti viwili tu. Kina ukali wa karafuu, na ndicho tunachofukizia mbu. Ukizidisha hutamjua samaki.

*Majani makavu je?*
Hushika moto. Yaloweke dakika 10 kwanza, utie machache. Mimi napenda yaliyochumwa jana yakanyauka usiku.

*Kuna ua uani kwetu Kisauni, majani yake yananukia lakini jina silijui. Nijaribu?*
Usijaribu kabisa, mwanangu. Oleanda na lantana zimejaa katika nyua za mji huu, na zote mbili zina sumu. Tumia jani ambalo tayari unalipikia au unalinywea chai. Na maganda ya korosho yasikaribie moto huu, moshi wake huwasha macho na ngozi.

*Atakaa siku ngapi nje ya friji?*
Hakai, ndugu yangu. Huyu si ng'onda, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Chumvi ya huyu ni ndogo na ndani ana maji, moshi ni wa ladha tu. Mle siku hiyo hiyo, au friji siku 3. Wa kesho mtie katika mchuzi wa nazi: tui jepesi kwanza, tui zito mwisho, na usiongeze chumvi kabla hujaonja.

*Mwalimu, sisi tuko ghorofani. Naweza kubanikia jikoni nikifungua dirisha?*
Hapana, hata madirisha yakiwa mawili. Makaa yana gesi isiyo na harufu, na huua. Omba ruhusa upande juu ya paa, au mpeleke samaki wako kwa jamaa mwenye uwanja, ukiwa na mchaichai wako mkononi.