Umejaza kifusi? Usichimbe msingi bado

Nikiitwa kutazama nyumba iliyopasuka katika viwanja vya mabondeni hapa Unguja, mwenyewe huanza kwa kumlaumu mwashi na saruji. Mie huuliza kifusi kwanza. Kiwanja kilikuwa kinatuama maji, kikainuliwa mita moja, na mwezi wa pili tangu kujazwa msingi ukachimbwa. Sasa piga hesabu: mita moja ya kifusi kilichoshindiliwa hukandamiza ardhi kwa karibu tani 1.8 kila mita ya mraba. Nyumba isiyo na ghorofa, ukiutandaza uzito wake eneo zima, ni kama tani 1. Mzigo mkubwa ulishatua kabla ya tofali la kwanza.

Basi chimba shimo ujue uko juu ya nini. Jambiani au Makunduchi sururu hugonga jiwe mapema, huna la kuhofia. Kichanga hushuka papo hapo kinapolemewa, kikamaliza wewe ukiwa bado unajenga. Shida ni kinamo, udongo wa mfinyanzi. Chukua donge bichi ulisokote kiganjani; likitoa uzi mwembamba kama utambi bila kukatika, ndicho hicho. Vitundu vyake ni vidogo mno na vimejaa maji. Mzigo ukija, maji ndiyo huubeba kwanza, halafu hujipenyeza nje taratibu, na kwa kadiri yanavyotoka udongo nao unatitia. Mhandisi Karl Terzaghi aliliwekea jambo hili hesabu miaka ya 1920: tabaka likiwa nene mara mbili, muda wa kushuka huwa mara nne. Ndiyo maana nyufa huja watu wameshahamia.

Kabla gari la kwanza halijamwaga, laza juu ya udongo wa asili vipande vitatu vya chuma bapa, kila kimoja kimechomelewa nondo iliyosimama wima: viwili pembeni, kimoja katikati. Jaza kifusi kuzizunguka kwa matabaka ya sentimita 20. Nyunyiza maji, shindilia, ndipo uweke jingine. Kifusi kilichomwagwa ovyo hujishukia chenyewe mvua ikikiloweka, hata kama ardhi ya chini ni nzima. Ukifika kimo unachotaka, ongeza sentimita 60 au 70 za muda tu. Hizo zinashika nafasi ya nyumba, utaziondoa baadaye.

Kila wiki pima vichwa vya nondo kwa mpira wa maji, ule mwangavu ambao maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili, kutoka alama uliyoichora kwenye ukuta wa nyumba kongwe iliyo mbali na kifusi. Andika daftarini. Mwanzo zitashuka upesi, kisha polepole. Mie siruhusu msingi mpaka masika moja ipite na miezi miwili mfululizo nondo zisishuke zaidi ya milimita mbili tatu.

Zitazame pia kwa pamoja. Zote zikishuka sawasawa, nyumba itashuka nzima bila kupasuka. Moja ikiziacha nyenzake, hapo ndipo ukuta utakapokatika, aghalabu kwa ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, mwite mhandisi. Ghorofa usijaribu kwa njia hii, udongo upimwe maabara.

Na ukiunga jiko jipya kwenye nyumba ya zamani, usizifunge kuta kwa nondo. Ya zamani imeshashuka, jiko bado. Acha mwanya wa sentimita mbili kuanzia msingi hadi paani.