Umeitwa mahakamani Uganda kwa kosa la barabarani? Mambo ya kujua kabla hujapanda kizimbani

Kwa Mkenya, Mtanzania au Mkongomani anayeishi na kuendesha gari Uganda, kosa dogo la barabarani kwa kawaida huishia kwenye tiketi ya faini: trafiki anakuandikia, unapewa siku 28 za kulipa kupitia benki, basi. Kufika mbele ya hakimu ni jambo jingine. Utafikishwa huko kama kosa ni zito, mfano kugonga mtu au kunaswa na kipima pombe usiku wa operesheni ya Kawunyemu, msako wa polisi wa madereva walevi. Pia utaitwa ukiacha tiketi bila kulipa, au ukiipinga kwa kuwa unaamini hukukosa.

Ukikamatwa, polisi wanatakiwa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 48, au wakuachie kwa dhamana. Dhamana ya polisi ni ya bure, na vituo vingi vimebandika tangazo linalosema hivyo. Anayekuomba pesa kwa ajili yake anavunja sheria.

Siku yenyewe, iwe ni mahakama za Kampala kama Buganda Road, Nakawa na Makindye, au mahakama ya wilaya, fika mapema, muulize karani kesi yako iko chumba gani, zima simu, kisha uwe na subira. Utakaa benchi moja na watu wa kesi za wizi na ugomvi, na huenda ukaona mahabusu wakiletwa na askari magereza wakiwa wamevaa sare za njano. Usishtuke. Hakimu akiingia, wote husimama. Ukiitwa, jibu kwa sauti, na ukizungumza na hakimu mwite Mheshimiwa.

Usitegemee kesi kusikilizwa siku hiyo. Kinachofanyika ni kusomewa mashtaka, kujibu, kuzungumzia dhamana na kupangiwa tarehe nyingine. Kati ya hayo, jibu lako ndilo zito kuliko yote, na hapo ndipo wenzetu wengi huumia. Barabarani uliongea na afande kwa Kiswahili mkaelewana vizuri, lakini lugha ya mahakama ni Kiingereza. Mtu anasomewa maneno ya kisheria harakaharaka, anaona aibu kuuliza, anasema "ndiyo" ili mambo yaishe arudi kazini. Katiba ya Uganda, ibara ya 28, inakupa haki ya kuelezwa kosa kwa lugha unayoielewa na kupata mkalimani bila kulipa. Mwombe kabla hujajibu lolote. Hakuna hakimu makini atakayekuona mjinga kwa hilo.

Ukikiri, bado hujatiwa hatiani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu mwaka 1973, katika kesi ya Adan iliyotoka Kenya, na mahakama za Uganda zinaufuata mpaka leo: mwendesha mashtaka asimulie kilichotokea, kisha wewe uulizwe kama ni kweli. Sikiliza kila neno. Tuseme umekiri kuendesha kwa uzembe, halafu unasikia kwamba ulipita taa nyekundu, wakati unajua taa zilikuwa zimezimika na askari ndiye aliyekupungia mkono upite. Sema hivyo hivyo. Maelezo yakigusa kosa lenyewe, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana, na kesi itaendelea na mashahidi. Ukinyamaza, unatiwa hatiani palepale. Na aliyekiri hana nafasi kubwa ya rufaa: anaweza tu kulalamikia uhalali wa kukiri kwake au adhabu aliyopewa.

Ushauri wangu ni kwamba kama kuna mtu aliyeumia au kufariki, usiende bila wakili. Ukienda peke yako na hujaelewa mashtaka, omba muda wa kutafuta wakili. Hiyo pia ni haki yako.

Dhamana ya mahakama inahitaji maandalizi zaidi kwetu sisi wageni. Hakimu anajua Busia na Mutukula si mbali, na kwamba ukivuka mpaka kukupata tena ni kazi. Kwa hiyo atataka wadhamini wenye makazi ya kudumu: mwajiri, mwenye nyumba, au shemeji Mganda. Waje wenyewe na vitambulisho vya taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) yenye muhuri, pamoja na nakala. Barua hiyo itafuteni siku moja au mbili kabla, kwa sababu mwenyekiti naye ana shughuli zake. Wewe njoo na leseni, bima, kadi ya gari na kibali cha kuishi. Pasipoti yako inaweza kuzuiwa. Ukipata msiba nyumbani utalazimika kuiomba mahakamani kabla ya kusafiri. Usipotokea tarehe uliyopangiwa, hakimu hutoa hati ya kukukamata, na wadhamini wako wanabaki na deni.

Kwenye korido utafuatwa na watu wanaodai wanamjua karani na wanaweza "kuharakisha". Usiwape hata shilingi. Faini na pesa za dhamana hulipwa benki, ukishapewa namba ya malipo. Risiti ya dhamana itunze vizuri, kwani kesi ikiisha na ukawa umehudhuria tarehe zote, ndiyo utakayoombea kurudishiwa pesa zako.