Ukitaka Kuelewa Matengenezo ya Kanisa, Anzia Basel

Wengi wakianza kusoma historia ya Matengenezo ya Kanisa, vuguvugu la karne ya 16 lililowatenga Waprotestanti na Kanisa Katoliki, hukimbilia mlango wa kanisa la Wittenberg, Ujerumani. Humwona mtawa Martin Luther akigongomea hoja zake mlangoni kwa nyundo mwaka 1517, kisha huruka hadi kwenye madhehebu ya leo. Mimi wale ninaosoma nao huwaomba waanze mwaka mmoja nyuma, katika kiwanda cha uchapaji cha Johann Froben mjini Basel, Uswisi. Chukua daftari, kila mwaka uupe ukurasa wake, na juu ya ukurasa wa kwanza andika 1516.

Mwaka huo msomi Erasmus wa Rotterdam alitoa Agano Jipya la Kigiriki, na kando yake tafsiri yake mwenyewe ya Kilatini iliyothubutu kuisahihisha Vulgata, Biblia ambayo Kanisa la Magharibi liliitegemea kwa karne nyingi. Usiupite ukurasa huu haraka. Tazama jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika: ilichapwa mbiombio, na hati za kale alizozikuta Basel zilikuwa chache. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na hati moja tu ya Kigiriki, nayo haikuwa na karatasi ya mwisho. Ikambidi achukue Kilatini cha Vulgata akigeuze kuwa Kigiriki ili mistari ya mwisho ipatikane. Halafu tazama 1 Yohana 5:7, maneno yanayowataja Baba, Neno na Roho Mtakatifu kuwa mashahidi watatu mbinguni. Erasmus hakuyakuta katika hati zake za Kigiriki, akayaacha nje katika toleo la 1516 na lile la 1519. Alishambuliwa vikali. Katika toleo la 1522, baada ya kuletewa hati ya Kigiriki iliyokuwa na maneno hayo, akayaingiza. Weka mbele yako tafsiri mbili za Biblia, moja ya zamani na moja ya kisasa, ulinganishe mahali hapo, na utaona ugomvi wa Basel bado una alama zake katika kitabu unachokishika mkononi.

Chini ya ukurasa huo jiulize: kama msomi mmoja mwenye Kigiriki anaweza kulihoji andiko linalosomwa madhabahuni, nani sasa ana neno la mwisho? Ila usiandike kwamba elimu hii mpya, ya kurudi kwenye lugha za asili za Biblia, ilikuwa mali ya Waprotestanti. Erasmus alikitabaruku kitabu chake kwa Papa Leo X. Huko Alcalá, Hispania, wasomi wa Kardinali Cisneros walikuwa wamekwisha kuchapa Agano Jipya la Kigiriki tangu 1514, ingawa lilichelewa kutolewa. Walioamsha elimu hii walikuwa wana wa Kanisa, na wengi wao walikufa wakiwa ndani yake.

Ukishayaweka hayo vizuri, fungua ukurasa wa 1517. Zisome Hoja 95 za Luther zenyewe kabla hujasoma mtu mwingine anasema nini juu yake. Ni fupi, kikao kimoja kinatosha. Shika penseli na utie alama kila mahali fedha inapotajwa, utashangaa alama zitakavyojaa. Hoja ya 43 inasema anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anatenda vyema kuliko anayenunua vyeti vya rehema, yaani hati za Kanisa za kusamehewa adhabu ya dhambi, hata kwa wafu walioko toharani. Ya 86 inauliza kwa nini Papa, mwenye mali kuwashinda matajiri wakubwa, asijenge Basilika la Mtakatifu Petro kwa fedha zake badala ya fedha za waumini maskini. Ndipo ufuatilie fedha hizo zilikokwenda. Albrecht wa Brandenburg alikuwa tayari Askofu Mkuu wa Magdeburg alipoutaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Ruhusa ya Roma iligharimu fedha nyingi, akakopa kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg. Nusu ya mapato ya vyeti ilikuwa ya ujenzi wa Roma, nusu ya kulipa deni lile. Mkulima aliyetoa sarafu kwa ajili ya mama yake aliyeko toharani alikuwa akimlipia askofu mkopo bila kujua. Kila ninapolifundisha jambo hili naona nyuso zinabadilika, na ndivyo inavyopasa.

Kuhusu nyundo, andika kwa tahadhari. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia barua Albrecht. Habari ya mlangoni ilienezwa na Philipp Melanchthon baada ya Luther kufariki 1546, na Melanchthon alifika Wittenberg 1518. Zoea kuuliza hivi kwa kila kisa maarufu: nani anasimulia, na alikuwepo?

Worms, Aprili 1521, unaijua: kwenye baraza la dola la Ujerumani mjini humo, Luther alikataa kuyakana maandishi yake mbele ya Kaisari Karl V, isipokuwa aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko au kwa hoja zilizo wazi. Mimi huenda haraka hadi ngome ya Wartburg, alikofichwa baadaye. Huko alikuwa na Agano Jipya la Erasmus, toleo la 1519, na kwa muda wa wiki 11 hivi akalitafsiri kwa Kijerumani. Lilitoka Septemba 1522. Chora mstari kutoka ukurasa huu hadi ule wa kwanza.

Ukurasa wa 1525 ugawe mara mbili. Upande mmoja andika kuachana kwa wawili hao: Erasmus alitetea uhuru wa nia ya mwanadamu mwaka 1524, Luther akamjibu 1525 kwamba nia hiyo imefungwa. Upande wa pili waandike wakulima wa Ujerumani walioasi dhidi ya mabwana zao. Vifungu 12 vya Memmingen, orodha ya madai yao iliyoandikwa katika mji huo, vinadai parokia ijichagulie mchungaji wake, na kwamba watu wasimilikiwe na mabwana, kwa kuwa Kristo aliwakomboa wote kwa damu yake, wadogo kwa wakubwa. Kifungu cha 12 kinasema dai lolote likionyeshwa kuwa halipatani na Maandiko, watalifuta. Hiyo ndiyo hoja ya Luther mwenyewe pale Worms, sasa imo mikononi mwa watu wa jembe. Luther kwanza aliwasihi pande zote watulie, kisha akaandika wakulima waasi wapigwe na kuuawa. Tarehe 15 Mei 1525 waliangamizwa kwa maelfu huko Frankenhausen. Nayapenda mengi ya Luther, lakini maandishi yale yananiuma, na sikubali mtu ayaruke. Vivyo hivyo usimruke Felix Manz, aliyezamishwa katika mto Limmat Januari 1527 na baraza la Zurich, mji uliokwisha kufuata Matengenezo, kwa sababu ya kubatiza watu wazima upya.

Kurasa zilizobaki wape watu wengine. Thomas More, rafiki wa Erasmus, alikatwa kichwa Uingereza 1535 kwa kutoukubali ukuu wa Mfalme Henry VIII juu ya Kanisa. Mwaka uliofuata William Tyndale, mtafsiri wa Agano Jipya la Kiingereza, aliuawa Vilvoorde. Kisha ingia Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki wa 1545 hadi 1563, na uusome kwa uangalifu ule ule ulioupa Wittenberg, hasa amri yake ya kila askofu kuanzisha seminari ya kufundishia mapadre.