Uwakili wa haki za binadamu: jifunzeni kwanza kuandika maelezo

Wadogo zangu mnaosoma sheria huniuliza njia ya kwenda Geneva na The Hague, kwenye taasisi na mahakama za kimataifa. Mimi nawaambia waanzie hapa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki. Vikao vya hadhara viko wazi, nendeni mkasikilize.

Shahada na Shule ya Sheria hazikwepeki. Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kuchukua maelezo. Mama amekuja, nyumba yake imebomolewa. Usimfungulie Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mpe kiti, muulize: notisi ulipewa lini? Nani aliileta, na nani alishuhudia? Andika kwa maneno yake, kisha msomee polepole, arekebishe, ndipo aweke sahihi au dole gumba. Notisi ikija ndani ya bahasha, hifadhi na bahasha; muhuri wa posta una tarehe.

Nasisitiza tarehe kwa sababu Mahakama ya Afrika Mashariki inakupa miezi 2 tu tangu tendo lifanyike au mteja alipolijua. Haikudai umalize kwanza mahakama za nchini. Mahakama ya Afrika inadai hivyo, halafu ufike ndani ya muda unaofaa.

Jueni pia nani anaruhusiwa kupita mlango upi. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kuishtaki nchi moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika. Limeniuma, na linaniuma bado. Ila kuna njia ndefu: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, ambayo inaweza kuifikisha kesi mahakamani. Kenya haijawahi kutoa tamko hilo, lakini Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini humo, walilalamika kwa Tume kuhusu kufukuzwa msituni, nayo ikaifikisha kesi Arusha mwaka 2012. Wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 Mahakama ikaamuru fidia. Someni hukumu zote mbili, mstari kwa mstari.

Chuoni, ingieni mashindano ya mahakama ya mfano, ambamo wanafunzi huigiza kesi, yanayoitwa Christof Heyns, yaliyoanza 1992. Jifunzeni Kifaransa. Likizo, kaeni na wasaidizi wa kisheria wa kata.

Na utetezi hauishii kwenye hukumu. Novemba 2023, Waogiek wa Sasimwani, huko huko Mau, walibomolewa nyumba, hukumu ikiwa mkononi. Kwa hiyo jifunzeni vilevile kuandika barua kwa mbunge, taarifa kwa waandishi wa habari, na ripoti ya utekelezaji yenye picha, majina ya vijiji na tarehe.