Difu, klachi na propela: ipi ufunge mwenyewe, ipi umpelekee fundi

Swali hili karibu kila mara linakuja baada ya tairi. Mtu kavua 265/70R16 za kwenye Hilux kafunga 285/75R16, gari imependeza kweli, halafu siku ya kwanza anapakia mzigo anapandisha mlima Kitonga anakuta gia aliyozoea kupandia haivuti tena, anashusha moja, klachi inaanza kunuka. Hapo ndo anaanza kutafuta difu ya reshio fupi, yaani yenye namba kubwa, propela (ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, na klachi ya kazi nzito, na anauliza afunge mwenyewe au apeleke gereji.

Piga hesabu kwanza. Tairi ya 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777, ya 285/75R16 ina 834, hilo ni ongezeko la asilimia 7 na kidogo. Difu ya 4.10 ikivaa tairi hiyo inafanya kazi kama ya 3.82, yaani umerefusha gia zote bila kugusa gia boksi, na spidi mita ikisema 100 wewe uko kwenye 107. Ili urudi ulipokuwa unahitaji kama 4.40, na kwenye kraunpinioni, zile gia mbili za ndani zinazoamua reshio, za difu za Toyota za inchi 8 utakutana na 4.56 na 4.88. Kama hujui yako ni ngapi na difu haina loku ya kulazimisha tairi zote mbili zizunguke pamoja, weka vigogo kwenye tairi za mbele, gia iwe nyutro, inua tairi moja tu ya nyuma uweke stendi, chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha tairi mizunguko 2 kamili huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka mara 4 na kidogo tu basi ni 4.10. Na kama gari ni 4WD ujue kabisa difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe reshio moja, ukibadilisha moja ukaja kuingiza 4WD transifa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, inaweza kuvunjika, kwa hiyo bei yoyote uliyoambiwa ya difu zidisha mara mbili.

Sasa kuhusu nani afunge. Watu wanaamua kwa kuangalia hela, au kwa kujiuliza kama wanaweza. Mimi naangalia kitu kimoja: hiyo kazi inaisha kwa kukaza bolti au inaisha kwa kupima? Inayoisha kwa kukaza bolti unaiweza ukiwa na toki renchi, yaani spana ya kupima mkazo, kitabu cha ufundi cha gari yako na siku nzima isiyo na haraka. Inayoisha kwa kupima mpelekee mwenye vipimo, na usione aibu.

Oili za difu, transifa na gia boksi fanya mwenyewe. Fungua kwanza bolti ya kujazia kabla hujafungua ya kumwagia, maana ukishamwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, gari haiendi popote. Difu inataka oili ya daraja la GL-5. Gia boksi ya manyuo nyingi zinataka GL-4, usimwage GL-5 kila sehemu eti ndo kali zaidi, kuna aina zinakula sinkronaiza za shaba. Krosi za propela, yaani viungo vyake vya kukunjia, pia ni zako, ila piga alama kwenye flenji kabla hujafungua ili irudi vilevile ilivyokaa, la sivyo unaweza kuanza kusikia mtikisiko ambao haukuwepo. Lakini kama umeinua bodi ya gari kwa sasipensheni ndefu na unataka propela ndefu zaidi, hiyo inakatwa, inachomelewa na inafanyiwa balansi kwenye mashine, usikubali ichomelewe pembeni ya barabara.

Klachi iko katikati. Kinachoniogopesha pale ni uzito. Gia boksi ya Hilux ikiwa na transifa yake inazidi kilo 50, na unaishusha ukiwa umelala chini yake. Kama huna jeki ya gia boksi, stendi nne nzuri na mtu wa pili, peleka. Mimi nilishafunga klachi mbili uani kwangu na zote ziko sawa, ila ya kwanza ilinichukua siku tatu kwa sababu sikununua kile kipini cha plastiki cha kusentarisha pleti, nikawa nasukuma boksi haiingii, nikarudia tena na tena mpaka giza. Kipini hicho ni bei ndogo sana, nunua. Bolti za presha pleti kaza kidogokidogo kwa kuvukisha, usimalize moja ukahamia ya jirani. Na ukishafika humo ndani badilisha rilizi bearingi, ile bearingi ndogo ya kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inafungwa) na oil sili ya nyuma ya injini, maana kuishusha boksi tena kwa ajili ya sili ndo hasara yenyewe. Flaiwili ikiwa na mistari au madoa ya bluu mpelekee fundi wa lezi, mashine ya kuchonga chuma, aisawazishe. Unaona, hata kazi ya kwako ina kipande cha fundi ndani yake.

Difu sasa, hapa ndo watu wanaumia. Kraunpinioni mpya haifungwi kwa kukaza, inapimwa. Mchezo kati ya jino na jino kwenye ile ya inchi 8 unatakiwa uwe milimita 0.13 mpaka 0.18, huwezi kuuona kwa macho wala kuusikia kwa mkono, unataka daio geji, ile saa ya kupimia sehemu ndogo za milimita. Kuna shimu, vibati vyembamba, za kuamua pinioni ikae mbele au nyuma kiasi gani, kuna kibomba cha kubonyea kati ya bearingi mbili za pinioni ambacho ukikaza kupita kiasi hakirudi, unanunua kingine, halafu kuna rangi ya kupaka kwenye meno uone yanagusana katikati au pembeni. Gari ya ndugu yangu ilifungwa difu na mtu aliyeshika flenji akaitikisa akasema iko poa. Ikaanza kulia kwenye 80, miezi mitatu baadaye meno yameisha, na mbaya zaidi gharama zote zikamrudia ndugu yangu.

Lakini si lazima umpe fundi gari zima. Toyota nyingi zenye ekseli ngumu nyuma, bonge lote la difu linatoka kwa mbele. Mwaga oili, fungua propela, achia paipu za breki na uvute hafu shafti zote mbili kiasi, fungua nati za kuzunguka, toa bonge ulibebe mpaka kwa mtu mwenye daio geji. Yeye anapima, wewe unarudisha na gasketi mpya na kutoa upepo kwenye breki. Hela inayobaki ni ya maana, na fundi anafanya kwa utulivu mezani kwake badala ya kulala chini. Loku kama ARB Air Locker nayo inaingia njia hiyohiyo maana difu inapimwa upya. Ila ya mbele kwenye gari zenye sasipensheni huru haitoki hivyo, inashuka nzima, hiyo mimi ningeacha gereji.

Kabla hujamkabidhi mtu bonge lako muulize mambo mawili: nionyeshe daio geji, na nitumie picha ya rangi kwenye meno kabla hujafunga. Anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Akikuambia yeye anasikiliza tu kwa uzoefu, beba difu yako uondoke. Gia boksi za otomatiki na CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kubadilisha, sizungumzii kabisa, nenda kwa anayefanya hizo tu.

Ikishafungwa, safari ya kwanza iwe fupi na taratibu, kama kilomita 25 hivi, zima gari ipoe kabisa ndo uendelee. Usivute trela wala kupakia mzigo mzito kwenye kilomita 800 za mwanzo, na zikitimia mwaga oili yote hata kama bado inaonekana safi, uangalie sumaku ya bolti. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Ukikuta kipande cha chuma unachoweza kukishika kwa vidole, usiwashe gari tena, rudisha bonge kwa aliyelipima.