SOMO: Kocha kujikagua kwa daftari (someni lote kabla ya kunipigia)

Msimu huu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nimeulizwa na makocha wengi mno kocha atajikaguaje mwenyewe, kila mmoja kwa simu yake, kwa hiyo naliandika mara moja. Nafundisha soka la wasichana wa sekondari, Mikindani.

1. Nunua daftari. La kurasa 80 latosha.

2. Andika jioni ileile. Mwaka 1986 watafiti Franks na Miller waliwapima makocha wa soka waliotazama kipindi kimoja cha mechi ya kimataifa, na matukio muhimu waliyoyakumbuka sawasawa hayakufika nusu. Hao walikuwa wamekaa wanatazama tu, hawana timu ya kupigania.

3. Kila sentensi ianze na "ni": nilisema, nilimtoa, nilinyamaza. Hapa ndipo nilipoharibu. Msimu wangu wa kwanza nilijaza kurasa zaidi ya 30, zote mashtaka: "beki wa kushoto hakabi", "kipa mwoga". Nikaamini najikagua. Siku moja tukicheza uwanja wa Nangwanda Sijaona nikamtoa beki huyo kabla ya mapumziko na kumkaripia mbele ya wenzake kwa kuacha nafasi yake. Wiki nzima hakuja mazoezini. Aliporudi akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, si ulisema nipande?" Kweli nilisema. Winga alipoumia nilimpigia kelele apande, kisha nikasahau. Daftari lilikuwa na kosa lake, neno langu halikuwemo. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake walewale.
Onyo: usiandike jina la mtoto, daftari hupotea. Usiandike ukiwa umemkasirikia mwamuzi. Oga kwanza, ule, ndipo ushike kalamu.

4. Kesho yake lisome, uchague jambo moja tu la kubadilisha wiki hiyo. Moja.

5. Mpe mchezaji majeruhi aliye benchi ahesabu kauli zako kwa vijiti: maelekezo, sifa, makaripio. Usibishane na hesabu yake.

MASWALI

Mjumbe, Masasi: Kaka naomba fomu ya kujaza, niprinti.
— Hakuna fomu. Rudia namba 3.

Mjumbe, Lindi mjini: Timu yangu inafungwa kwa sababu wachezaji hawana nidhamu. Hapo mimi nahusikaje?
— Umetaja wachezaji, nidhamu na kufungwa. Mazoezi ya mwisho wewe ulifanya nini? Andika hilo, kisha urudi tuzungumze. Sikulaumu, nami nilianzia hapohapo.

Mjumbe, Newala: Shikamoo mwalimu. Nafundisha netiboli. Makosa yangu mengine nayaona mechi ikiendelea, nikingoja jioni tumeshafungwa. Nifanyeje?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Msomi Donald Schön, mwaka 1983, alitenganisha kutafakari katikati ya tendo na kutafakari baada yake. Daftari ni la baada. Kwa la katikati, netiboli imekupendelea: robo nne za dakika 15, kwa hiyo una mapumziko matatu. Kabla hujafungua mdomo jiulize, nililowaambia robo iliyopita wamelifanya? Kama hapana, usiliseme kwa sauti kubwa zaidi. Mwambie senta akueleze kwa maneno yake alichokisikia. Mara nyingi utakuta alisikia kitu kingine kabisa. Jioni andika alichosikia kando ya ulichosema. Nikikutana nawe nitakuonyesha kurasa zangu, karibu sana Mikindani.

Mjumbe, Tandahimba: Na msimu wa korosho? Oktoba nabaki na watoto saba, wengine wako shambani na wazazi.
— Idadi ya waliokuja iandike juu ya ukurasa kila siku. Bila hiyo, Januari utasoma na kujilaumu kwa zoezi lililokufa kwa uchache wa watu. Kwa saba, cheza wanne kwa watatu kwenye eneo dogo, watatu ndio wamiliki mpira.

Mjumbe, Masasi: Kwa hiyo fomu hamna?
— Hamna.

Mjumbe, Ruangwa: Mimi kuandika kunanishinda. Narekodi sauti kwenye simu nikitembea kutoka uwanjani hadi nyumbani.
— Nzuri sana hiyo, nitaijaribu. Ila isikilize usiku huohuo unakili hata mistari mitatu, maana simu ikijaa utaifuta.
— Mjumbe, Ruangwa: Kweli, za mwezi uliopita nimeshafuta.